Gunia Moja Kutoka Bumbire

Kamachumu, Muleba
14 Machi 2023

Mwanangu Derick,

Salamu za nyumbani zikufikie ukiwa mzima. Sisi tunaamka na tunalala, tunashukuru. Mdogo wako Annastella amerudi shuleni, sasa yuko kidato cha tatu, na ameniagiza nikusalimie mara mbili, mara moja kwa niaba yake na mara moja kwa niaba ya paka. Mvua imeanza vizuri, ila mnyauko umeingia upande wa chini wa kibanja chetu cha migomba, karibu na kaburi la baba yako. Nimeing'oa migomba iliyougua na kuifukia kama bwana shamba alivyotuelekeza. Mama yako mdogo Immakulata wa Kitendaguro anakusalimu. Wanajumuiya wanakuombea, wengine kwa sauti, wengine kwa kunitazama tu.

Sasa niseme lililonikalisha mezani. Wiki iliyopita nilikuja Bukoba siku ya kuonana na wafungwa. Nilikaa kwenye benchi na ndizi zangu na sabuni. Askari akaingia ndani, akarudi akaniambia, "Mama, amekataa kutoka."

Nikamuuliza, "Umemwita Derick Rugemalira?"

"Huyo huyo. Amesema urudi nyumbani kabla mvua haijakukuta."

Nikaacha ndizi pale. Sijui kama zilikufikia.

Derick, kifungo cha miaka thelathini! Nikitaka kuitamka mdomo unakataa. Wewe mwenyewe hata thelathini hujafika. Ulikwenda kisiwani Bumbire kuvua dagaa, ukashuka kwenye mtumbwi pale mwaloni na gunia, polisi wakalipasua wakakuta bangi imezungushiwa dagaa. Hilo nimelielewa. Nisichokielewa ni kwamba mahakamani ulipoulizwa mzigo ni wa nani, ukajibu, "Ni wangu." Na siku ya kujitetea ukanizuia nisije mahakamani, ukasema nitakuharibia. Ningekuharibia nini?

Kabla hujaondoka mara ya mwisho, baba yako mdogo Avit alikaa sebuleni kwangu akakuagiza umletee gunia lake la dagaa kutoka kisiwani. Nilikuwa namimina chai, nilisikia. Gunia lake liko wapi?

Nijibu.

Mama yako,
Georgina


Gerezani, Bukoba
2 Aprili 2023

Mae mpendwa,

Shikamoo. Ndizi zilifika, tulikula watu wengi. Mimi ni mzima. Leo ni Jumapili ya Matawi, padri alikuja, tukapewa kila mtu tawi dogo. Kazi yangu ni shambani, tunapalilia mahindi, kwa hiyo usidhani nimekaa tu gizani. Nalala karibu na dirisha. Mwambie Annastella asilegee kwenye hesabu, na paka nimepokea salamu zake.

Mae, usinikasirikie kwa siku ile. Nimenyolewa, nimevaa nguo hizi za rangi ya machungwa. Sikutaka uende nayo hiyo picha mpaka Muleba. Nitakapozoea nitakuita mimi mwenyewe.

Kuhusu gunia la baba mdogo, lilifika salama. Nililituma kwa mtumbwi mwingine. Lililokamatwa ni jingine. Nilidanganywa na marafiki kisiwani, nikapenda mambo ya haraka. Ndiyo maana nilisema ni langu. Usiende kumuuliza chochote. Ana shughuli zake na amekuwa akitusaidia tangu kaka yake, Tata, afariki.

Wameniandikia hapa taarifa ya kukata rufaa, kila mfungwa huandikiwa. Usiweke moyo huko. Weka moyo kwenye kibanja. Mnyauko ukiendelea, panda kahawa upande ule.

Mwanao,
Derick


Kamachumu, Muleba
20 Juni 2023

Mwanangu Derick,

Nimechelewa kukujibu na utaona sababu. Kwanza habari njema: Annastella amekuwa wa pili darasani. Mbuzi amezaa. Mama Kokushubira, jirani yetu wa juu, amefiwa na mumewe, tumezika Jumamosi. Kahawa inaiva, nikivuna nitakutumia sweta maana nasikia kuta za huko zinatoa baridi.

Sasa, mwanangu, mimi nimefika Bumbire.

Usicheke. Mimi mtoto wa mlimani, niliyekuwa nikiliona ziwa kama kitambaa cha bluu kule chini, nimepanda mtumbwi wa injini. Nilishika ubao mpaka vidole vikafa ganzi. Nilitapika mbele ya watu wasionijua, wakanipa maji, wakasema kila mgeni hutapika.

Nilimtafuta Uledi, yule nahodha aliyekuvusha siku ile. Nilimkuta mwaloni amefungua injini yake, mikono imejaa oili. Nikajitambulisha. Akanisalimia kwa heshima, akanipa ndoo niikalie. Nikamuuliza mwanangu alipanda na magunia mangapi.

"Moja, mama."

"Hakutuma jingine kwa mtumbwi mwingine?"

"Wiki ile ziwa lilichafuka. Mtumbwi uliovuka siku ile ni wangu peke yake. Na gunia lenyewe hakulibeba yeye kutoka kambini. Alilileta kijana wa kazi wa Avit, limeshashonwa mdomo. Derick akauliza mbona zito hivi. Yule akamjibu kwamba dagaa hawajakauka vizuri."

Nikahisi ile ndoo inazama mchangani. Nikamuuliza, "Hakimu ulimwambia haya?"

"Nani aliniita?"

"Ukiitwa utasema?"

Alifuta mikono muda mrefu kwa kitambaa kisichofuta kitu. Akasema, "Mama, mimi nina mtumbwi na nina watoto. Avit ana watu kila mwalo. Ukitangulia wewe uliyemzaa, nitasimama nyuma yako. Nikiwa peke yangu, sitaweza."

Hayo ndiyo niliyoyavuka maji kuyasikia. Basi usiniandikie tena habari za marafiki wa kisiwani. Uliniambia uongo kwa mwandiko mzuri, ukaupamba na salamu za paka. Sikukasirika. Nataka kujua anayekufunga mdomo amekushika wapi.

Mama yako,
Georgina


Gerezani, Bukoba
9 Julai 2023

Mae,

Shikamoo. Sweta sijalipata. Mimi ni mzima.

Nakuomba kwa magoti usitaje majina kwenye barua. Hizi barua zinafunguliwa na kusomwa kabla hazijanifikia. Nakuomba pia usirudi Bumbire. Ungezama je? Annastella angebaki na nani?

Uliyoambiwa na huyo mtu yaache huko huko ziwani. Kesi imekwisha. Hata ikiwa ni hivyo unavyodhani, mimi nimeshahukumiwa, na aliyehukumiwa ameshahukumiwa. Wewe bado una nyumba. Una migomba, una kahawa, una kaburi la Tata unalofagia kila Jumamosi. Mimi humu ndani nikifumba macho naanzia getini, napita kwenye mibuni, nazunguka nyuma ya jiko, nafika kwako. Ukiniondolea njia hiyo nitapita wapi?

Ukinipenda, kaa hapo hapo ulipo. Usimguse yule mtu.

Sitaandika tena juu ya jambo hili.

Derick


Kitendaguro, Bukoba
26 Septemba 2023

Mwanangu Derick,

Usishtuke kuona anwani. Nimekuja kukaa kwa mama yako mdogo kwa muda kwa sababu goti langu la kushoto limevimba, na hapa hospitali ni karibu. Immakulata ananilisha kama ndama. Ana bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, nami napalilia nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Annastella yuko bweni, ni mzima. Mbuzi na mtoto wake tumewauza.

Barua zinasomwa, nimekuelewa. Basi namsalimu afande anayeisoma hii, Mungu amlinde na watoto wake, na aendelee kusoma.

Nimepata wakili, kijana mpole anaitwa Najibu, wa hapa hapa mjini, anawasaidia watu wasio na uwezo. Amesoma mwenendo wote wa kesi yako. Anasema Mahakama Kuu inaweza kuruhusu ushahidi ambao haukusikilizwa mwanzo, ikiona una uzito. Ameshapeleka maombi. Nani atasimama na atasema nini, hayo niachie mimi.

Najua ulisema hutaandika tena. Nilisubiri Julai yote na Agosti, hukuandika, kwa hiyo naona umerithi kichwa changu badala ya cha baba yako. Lakini wewe ni mtoto, Derick. Kukulinda ni kazi yangu, uliinyakua bila kuniuliza.

Kula chakula chote unachopewa.

Georgina, mama yako


Gerezani, Bukoba
15 Oktoba 2023

Mae,

Shikamoo. Goti la kushoto halijavimba. Annastella alikuja kuniona jana, nikatoka, na nikamwambia asipoeleza kila kitu nitarudi ndani. Akalia, akaeleza.

Kwamba ulikwenda kwa baba mdogo Avit ukamwambia mbele ya mke wake, "Gunia ni lako, nitakwenda kulisema." Kwamba wiki hiyo hiyo alikuja na watu wa ukoo wakatoa kitanda chako, masufuria na picha ya Tata, wakaviweka barabarani. Kwamba hukupiga kelele. Uliomba kitu kimoja tu, uende kwanza kaburini, wakakuruhusu, ukakaa huko mpaka walipochoka kusubiri. Na kwamba shuleni kuna watoto wa Kamachumu wanaomwita Annastella mtoto wa msaliti. Hilo nalo ulilificha.

Basi hakuna tena kinachonifunga mdomo. Asubuhi ya pili baada ya kukamatwa, Avit alikuja kituoni na chapati. Aliongea polepole huku akitabasamu, kwa sababu askari alikuwa pale. Alisema, "Mama yako anaishi kwenye kibanja cha ukoo, na msimamizi wake ni mimi. Ukilitaja jina langu, atalala barabarani. Ukinyamaza atakaa pale mpaka uzee wake, nakuapia kwa kaburi la kaka yangu."

Nilikula zile chapati, Mae. Nilikuwa na njaa. Nikafikiri miaka itakuwa michache, mitano labda. Hakimu aliposoma thelathini nilimtafuta Avit kwenye viti vya nyuma. Alikuwa anatazama simu.

Sasa amekutoa hata hivyo, na mimi nimo humu hata hivyo. Mwambie wakili wako aje, nitasema yote. Ila wewe usisimame. Uledi asimame, mimi nisimame, wewe kaa kwa mama mdogo na mchicha wake. Yule mtu akibanwa atatafuta wa kuanguka naye.

Nijibu haraka.

Derick


Gerezani, Bukoba
3 Desemba 2023

Mae,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Nimeandika mara mbili Novemba, kimya. Nimemwomba afande apige simu kwa mama mdogo, akarudi akasema simu haipokelewi. Wakili Najibu alikuja, nikaeleza yote, akaandika. Nikamuuliza, "Mama yangu anaendeleaje?" Akafunga mkoba, akasema, "Anakusalimu sana, ni mwanamke jasiri." Nilimuuliza yuko wapi. Akaangalia saa.

Huku senene wameanza. Wanagonga kwenye taa za ukutani, na wafungwa wanawaokota asubuhi wakitoka kuhesabiwa. Chakula kinatosha.

Nataka kukuambia jambo, na uniambie kwamba nimechanganyikiwa. Leo ni Jumapili ya kwanza ya Majilio. Padri akija, sisi wanaume tunasali uwanjani, na wanawake wanasali upande wao, nyuma ya ukuta. Hatuwaoni, tunasikia nyimbo tu. Leo wamekuwa wakiimba, na katikati yao kuna sauti inayochelewa kumaliza mstari. Wenzake wameshanyamaza, yenyewe bado inavuta neno la mwisho, kama mtu anayefunga mlango taratibu asimwamshe mtoto.

Ninamjua mtu mmoja tu anayeimba hivyo. Padri wa Kamachumu alikuwa anamkemea kwa hilo.

Mwenzangu akaniuliza, "Mbona umekaa chini?" Sikuwa na habari kama nimekaa.

Niambie uko Kitendaguro, Mae. Niandikie kutoka Kitendaguro.

Derick


Upande wa wanawake
11 Desemba 2023

Mwanangu Derick,

Barua hii haikwenda posta. Imepita ofisi ile ile, imevuka ua, basi. Hujachanganyikiwa. Ni mimi.

Nina afya. Tuko wengi chumbani lakini tunaelewana. Nimepewa nafasi karibu na mama mmoja kutoka Ngara anayenifundisha kusuka vikapu vya ukili. Annastella amefanya mitihani yake, yuko kwa Immakulata likizo hii. Simu ya Immakulata iliibwa sokoni, ndiyo sababu haipokelewi, usiwaze vingine.

Niliwaomba wote wasikuambie, wakili, askari, hata padri. Nilitaka kwanza tarehe ya rufaa ipangwe. Sasa nikueleze yote na nisirudie tena.

Wakili Najibu aliniita ofisini kwake mwezi wa tisa, akafunga mlango. Akasema, "Mama, kwenye kiapo chako unasema mpango wa gunia ulizungumzwa sebuleni kwako. Avit atasema na wewe ulikuwemo. Wanaweza kukuunganisha naye kwenye mashtaka. Na makosa haya hayana dhamana."

Nikamwambia, "Nikiacha kusema kwamba ilikuwa sebuleni kwangu, nitasemaje nilisikia?"

"Huwezi."

"Basi andika."

"Mama Derick, fikiri mpaka kesho."

"Mwanangu ana miaka ya kufikiri thelathini. Lete kalamu."

Nikaweka sahihi. Polisi walimkamata Avit, naye akasema yale yale uliyoyahofia: kwamba mizigo ilikuwa inalala kwangu, na kwamba mimi mjane ndiye niliyemwingiza mwanangu. Wakaja Kitendaguro wakati natoa mchicha kwenye maji. Nilimwomba yule askari wa kike niukamue kwanza, ungeharibika. Akanisubiri.

Sasa unisikilize vizuri. Nilipofika hapa mara ya kwanza niliogopa, sikuficha, wenzangu waliniona. Kisha jioni nikauliza upande wa wanaume uko wapi, wakanionyesha ukuta. Nikalala nimeugeukia. Tangu ulipofungwa, ile ndiyo mara ya kwanza kulala usingizi.

Jumapili nitaimba. Sitaimba kwa sauti kubwa, nitachelewa tu mwishoni.

Mama yako


Kitendaguro, Bukoba
18 Machi 2024

Mae,

Shikamoo. Ninaiandika kwenye meza ya mama mdogo, nimevaa suruali ya marehemu mume wake, inanipwaya. Immakulata anakusalimu, Annastella anakusalimu. Mimi bado naamka alfajiri na kusimama kando ya kitanda nikisubiri kuhesabiwa.

Uliondolewa chumbani ulipomaliza kutoa ushahidi, kwa hiyo hukuona mwisho. Nikueleze.

Uliposimama kizimbani umeshika kile kitambaa chako, wakili wa serikali akakuuliza, "Shahidi, unajua kwamba maneno haya yanaweza kukufunga wewe mwenyewe?" Ukasema, "Najua, ndiyo maana nimeyasema taratibu, ili yaandikwe vizuri." Watu walicheka kidogo, jaji hakucheka. Nilitaka kuruka ule ubao wa kizimba. Hukunitazama hata mara moja, na nilielewa kwamba ungenitazama usingeweza kuendelea.

Uledi alikuja. Alisimama kama alivyoahidi, jasho linamtoka, akasema gunia lilikuwa moja, limeshonwa, limeletwa na kijana wa Avit, na kwamba mimi niliuliza kwa nini ni zito. Wakamsukasuka kwa maswali, hakubadilisha neno. Mimi nikaeleza habari za kituoni na chapati. Siku ya hukumu jaji alisema ushahidi huu ungesikilizwa mwanzo, hakuna ambaye angeweza kusema bila shaka kwamba nilijua nilichobeba. Akasema niachiwe. Nilisimama pale. Askari akaniambia, "Nenda, kijana." Sikujua pa kuelekea.

Sasa jambo linalonisumbua. Juzi mzee Buberwa, mkuu wa ukoo, alikuja hapa Kitendaguro na mwenzake. Walileta ndizi za kupika na mkungu wa kutengenezea rubisi, pombe ya ndizi, kama watu wa posa. Mzee akasema, "Derick, wewe umeshaachiwa kwa jambo hili, hawawezi kukurudisha. Nenda ukaandike kwamba gunia lilikuwa lako na mama yako alidanganya kwa uchungu wa mzazi. Kesi itakosa miguu. Avit atatoka, mama yako atatoka. Na kibanja tutakirudisha kwenu mbele ya ukoo mzima, kaburi la Rugemalira lisikae bila mtu."

Nilimwambia aniachie siku za kufikiri. Mae, siwezi kukuficha, nimefikiri. Kuandika maneno mawili nimeshazoea, niliyasema mahakamani, "Ni langu." Safari hii yangekutoa wewe ndani. Hatujui kesi yako itachukua muda gani. Umekonda. Jumatatu iliyopita nilipokuja kukuona ulikohoa ukageuza uso nisione.

Wakili Najibu amekataa kabisa, anasema ni hatari na ni uongo. Lakini yeye si mwanao. Niambie ndiyo, nami nitaandika kesho.

Derick


Upande wa wanawake
9 Aprili 2024

Mwanangu Derick,

Barua yako ilikaa ofisini wiki nzima, Pasaka ilipita katikati. Kikohozi kimekwisha, nilipewa dawa. Kikapu changu cha kwanza kimesimama bila kuegemea ukuta, mama wa Ngara amenisifu. Asante kwa sabuni. Mwambie Immakulata mchicha asiumwagilie mchana.

Hapana.

Nimeandika neno hilo peke yake ili ulione. Ungekuwa hapa ningekushika masikio yote mawili. Mimi niliacha nyumba yangu ili usiseme tena maneno yale, na wewe unataka kuyasema mara ya pili kwa hiari yako! Ukiyaandika, Uledi anakuwa mwongo, yule mtu mwenye watoto aliyesimama nyuma yangu akitokwa na jasho. Mimi nakuwa mwongo. Na Avit anarudi mwaloni kumtafutia kijana mwingine gunia. Mama wa kijana huyo atapita wapi?

Kibanja kinaniuma. Sitakudanganya, kinaniuma kuliko jela. Kuna mahali nyuma ya jiko ambapo nilikuwa nasimama jioni, naona ziwa lote mpaka visiwani. Nalikumbuka kaburi la baba yako na najua halijafagiliwa. Lakini baba yako nilimjua akiwa hai. Asingekubali kulala kwenye ardhi iliyolipiwa na wewe. Mwambie mzee Buberwa nimepokea salamu zake, na ndizi mmekula, na jibu ni hilo.

Nilikuwa nimefika hapo juzi, nikaweka kalamu. Leo nimeitwa ofisini. Wakili Najibu alikuwa amekaa pale, hajanyoa, anatabasamu kama mtoto. Yule kijana wa Avit aliyepeleka gunia amekamatwa Mutukula akivuka kwenda Uganda, amesema kila kitu, na mimi hakunitaja popote kwa sababu hakuna pa kunitaja. Wananifutia mashtaka. Kesi ya Avit itaendelea, na mimi nitaitwa kuwa shahidi wa upande wa serikali. Nikamuuliza maana yake nini kwa lugha yangu. Akasema, "Maana yake, mama, ni kwamba utarudia kusema yale yale, lakini safari hii utaingia kwa mlango wa watu huru."

Ukoo hautanisamehe. Nitasimama tena mbele ya Avit, naye ni shemeji yangu, aliyebeba jeneza la mume wangu. Sifurahii. Nimekaa na hilo tangu asubuhi, na wenzangu wanashangaa kwa nini silii wala sichezi.

Nitatoka Ijumaa. Hawakuniambia saa.

Wewe njoo, lakini usije na watu wa jumuiya, usije na maua, na usinikumbatie pale getini mbele ya askari. Simama ng'ambo ya barabara, penye kivuli, hapo ambapo mimi nilisubiri geti lifunguliwe siku ile niliyokuja kukuona. Pikipiki zikipita, usikimbilie kunivusha. Ngoja hapo hapo, unitazame tu. Nataka kuvuka mwenyewe nikija kwako.

Mama yako,
Georgina